Puto Lipae, Picha Irudi

(Hotuba kwa wanafunzi wa sekondari na wazazi wao, Ukumbi wa Tononoka, Mombasa)

Assalaam alaykum, na ambao si salamu yao, hamjambo nyote. Wazazi wangu, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliojazana huko nyuma mpaka mlangoni, ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa nieleze jinsi kikundi cha wanafunzi kinavyoweza kutengeneza chombo kwa mikono yao, kikapanda kilomita 30 juu ya vichwa vyetu, kikapiga picha mahali ambapo mbingu ni nyeusi mchana kweupe na dunia inaonyesha mviringo wake, kisha kikarudi chini salama. Nitaeleza yote. Ila nitakaa zaidi kwenye huko kurudi, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Kupandisha puto ni kazi ya asubuhi moja. Kuipata kamera tena mkononi, na picha zake ndani, hiyo ndiyo kazi inayotaka kichwa, adabu na maandalizi ya miezi.

Kwanza tuwekane sawa. Puto halifiki anga za juu. Mpaka unaotumiwa na wengi ni kilomita 100 kutoka usawa wa bahari, na puto la mpira hupasuka likiwa kwenye 30 hivi, pengine na ushei. Mtu akikwambia kamera yake imefika anga za juu kwa puto, ametia chumvi. Lakini kilomita 30 si haba. Ndege kubwa za abiria huruka kwenye kilomita 10 hadi 12. Ukivuka 19, mgandamizo wa hewa umeshuka kiasi kwamba maji huchemka kwa joto la mwili wa binadamu. Ukifika 30, hewa iliyobaki juu yako ni kama sehemu moja tu katika mia ya ile inayotulemea hapa Mombasa. Haitoshi kuutawanya mwanga wa jua, ndiyo maana mbingu inakuwa nyeusi na jua limewaka palepale. Ubuluu wote tuliouzoea unabaki chini yako, ukanda mwembamba uliolalia ukingo wa dunia.

Na macho yanafika mbali. Ukiwa kimo hicho, upeo wa macho uko zaidi ya kilomita 600. Piga hesabu mwenyewe: Kilimanjaro iko kilomita 280 hivi kutoka hapa, Pemba ni karibu zaidi, Unguja iko ndani, Nairobi iko ndani, Mlima Kenya pia umo. Anga ikiwa safi, kamera iliyopanda kutoka huku kwetu inaweza kuwa na bahari upande mmoja na theluji ya Kibo upande wa pili.

Mwaka 1935 watu wawili wa jeshi la Marekani, Albert Stevens na Orvil Anderson, walipanda kwa puto kubwa mno liitwalo Explorer II mpaka mita 22,066, wakarudi na picha inayoonyesha mviringo wa dunia. Ilikuwa ni safari ya kujitolea mhanga, yenye gharama za serikali na wafadhili wazito. Mwaka 2009 wanafunzi wa chuo cha MIT walirusha kamera ya kawaida ndani ya kisanduku cha povu, wakatumia takriban dola 150 kwa vifaa vyote, na picha zao zikaonyesha mviringo uleule. Hapo katikati palibadilika vitu: kamera zimekuwa nyepesi, na kifaa cha kujua uko wapi duniani kimekuwa kidogo kuliko kiberiti.

Tena sisi wa pwani tusiyazungumze mambo haya kama wageni. Pale Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kuna jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini na Waitaliano. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba tangu ipate uhuru, roketi iliondoka hapo ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Marjorie Townsend wa NASA, aliyeusimamia mradi ule, aliipa jina Uhuru. Zaidi ya miaka 52 baadaye, Aprili 2023, Kenya ikapeleka Taifa-1 kwa roketi iliyorushwa kutoka California. Nawaambieni vijana: mwenzenu wa Malindi anaposema babu yake aliona roketi ikipaa kutoka baharini, msimcheke. Huenda anasema kweli tupu.

Sasa twende kwenye chombo chenyewe.

Puto ni la mpira wa lateksi, aina ileile ambayo Idara ya Hali ya Hewa huirusha kutoka Dagoretti, Nairobi, kupima joto, unyevu na upepo wa juu. Chini yake kuna parachuti, tayari imefunguka tangu mwanzo, halafu kamba, halafu kisanduku cha povu jeupe, kama vile vinavyosafirishia samaki na barafu. Ndani ya kisanduku kuna kamera inayojipiga kila baada ya sekunde kadhaa, betri, na kifaa cha kutuma mahali ilipo. Vyote visizidi kilo moja na robo.

Kuhusu gesi, naomba wazazi wanisikilize. Kuna hidrojeni na kuna heliamu. Hidrojeni ni nafuu na inabeba vizuri zaidi kidogo, lakini inawaka kwa cheche moja. Kwa watoto wa shule nasema heliamu, hata kama ni ghali, na sitabadilisha kauli. Heliamu haiwaki kabisa. Kwa majirani zetu Tanzania iligunduliwa akiba kubwa ya gesi hii chini ya ardhi huko Rukwa, habari iliyotangazwa mwaka 2016, na mimi naomba dua siku moja tuinunue kutoka hapo badala ya kuingoja kwenye meli.

Kujaza puto ni sehemu ninayoipenda, na ningependa mwione kwa karibu. Ni alfajiri, kabla jua halijachomoza na kabla upepo wa bahari haujaamka. Turubai limetandikwa chini, safi, bila hata chembe ya mchanga. Watoto wanne wamevaa glavu za pamba, kwa sababu mafuta ya mikono na kucha vinaweza kuudhoofisha mpira ambao baadaye utatanuka mpaka uwe mwembamba kupita kiasi. Shingo ya puto imefungwa kwenye bomba la mtungi. Gesi inaingia polepole, mpira unainuka kutoka kwenye turubai, unayumba, unasimama. Pale kwenye shingo tumefunga mizani ya ndoana, ileile muuza samaki anayotundikia nguru, na upande wake wa chini tumeufunga kwenye gunia la mchanga. Mizani ya samaki inavutwa kwenda chini. Hii yetu inavutwa kwenda juu. Kama mzigo una kilo moja na robo na unataka nguvu ya ziada ya kilo moja, unangoja mizani isome kilo mbili na robo, unafunga bomba. Puto wakati huo lina upana wa karibu mita mbili. Huko juu, hewa ikipungua, litafika mita saba au nane kabla ya kupasuka.

Na msidhani ile nguvu ya ziada ni jambo dogo. Ukitia gesi nyingi, puto linapanda kwa kasi na kupasuka mapema, kabla ya kufika unakotaka. Ukitia kidogo, linapanda kwa kusuasua, linabebwa mbali na upepo, na hujui litashukia nchi gani. Tunataka mita tano kwa sekunde, ambayo ni chini kidogo ya saa mbili mpaka kilomita 30. Kwa hiyo kurudi kwa kamera kunaanzia pale kwenye mizani.

Baridi ni adui mwingine, na hapa Mombasa tunadanganywa na joto letu. Karibu na ikweta, tabaka la chini la hewa ni nene kuliko kwa watu wa kaskazini, linapanda mpaka kilomita 16 au 17, na ukifika kileleni mwake unakuta nyuzi 80 chini ya sifuri. Huko Uingereza puto halikutani na baridi kama hiyo kwa kawaida. Yaani mtoto wa Likoni anatengeneza kisanduku cha kuhimili baridi kali kuliko mtoto wa London! Betri za kawaida zitakata roho, hivyo tunatumia za lithiamu zisizochajiwa. Halafu unyevu. Kisanduku ukikifunga katika hewa ya Mombasa, ule unyevunyevu unaoufanya ukuta utoe ukungu unaingia nao ndani, na kwenye baridi unaganda juu ya lenzi. Tieni vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, vingi, na kifungieni kisanduku ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Picha nyingi duniani zimeharibika kwa tone la maji tu.

Nakuja kwenye upepo, na hapa naomba mnivumilie maana nitakaa.

Wazee wetu waliishi kwa upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, Kusi ikayarudisha, na nahodha aliyeondoka Bandari ya Kale bila kujua upepo wa kumrudisha unaanza lini hakuwa nahodha. Alingoja miezi. Kurusha puto kunahitaji akili hiyohiyo, ila pepo zake zimepangwa tabaka juu ya tabaka, na kila moja ina mwelekeo wake.

Ile Kusi tunayoijua ufukweni ni ya chini. Kwenye kimo cha kilomita moja na nusu hivi, katikati ya mwaka, kuna mto wa upepo mkali unaoipitia pwani ya Kenya kuelekea Somalia na kugeukia Bara Hindi. Mtaalamu wa hali ya hewa J. Findlater aliueleza kwa kina mwaka 1969. Puto lako likipita humo linasukumwa kaskazini kwa nguvu. Likivuka, linakutana na pepo nyingine, na kwa sehemu kubwa huku kwetu hutoka mashariki, zinakupeleka bara. Kwetu hiyo ni heri.

Lakini juu ya kilomita 18 mambo hugeuka. Mwaka 1883 mlima wa Krakatoa ulipolipuka, vumbi lake lilizunguka dunia kwenye ikweta likielekea magharibi. Watu wakaamini kwamba huko juu upepo wa ikweta hutoka mashariki daima. Mwaka 1908 msafara wa Wajerumani ukiongozwa na Arthur Berson ukaja huku kwetu Afrika Mashariki, ukarusha maputo ya kupimia kutoka Ziwa Victoria, na ukakuta kinyume chake: upepo unatoka magharibi! Miongo mingi ikapita kabla ya wanasayansi kutambua kwamba pande zote mbili zilikuwa sahihi. Katika stratosfia ya ikweta, yaani lile tabaka la hewa la juu ya kilomita 17 hivi, upepo huvuma kutoka mashariki kwa mwaka mmoja na zaidi, kisha ukageuka kutoka magharibi kwa muda wa karibu kama huo, na mzunguko mzima unachukua takriban miezi 28. Ni mojawapo ya mambo ya ajabu kabisa ya hewa ya dunia, uko juu yetu hapa hapa, na jambo linaloniuma ni kwamba tunamaliza shule bila kuambiwa.

Maana yake kwa kikundi chetu ni hii. Puto linaweza kuanza Mariakani, likaenda kaskazini, likaelekea bara, kisha huko juu likarudishwa kuelekea bahari. Bahari ikilipata, tumepoteza kila kitu. Kwa hiyo hatuchagui siku kwa kutazama mti wa mnazi. Kuna programu kwenye intaneti zinazotumia utabiri wa upepo wa dunia nzima. Unaingiza mahali, saa, uzito na kiasi cha gesi, zinakuchorea njia nzima hadi pa kushukia. Anzeni kuzitumia wiki mbili kabla, kila siku, mchore kila njia kwenye ramani moja. Mtaanza kuuona mtindo wa upepo kwa macho yenu. Siku ambayo njia inaangukia nchi kavu, mbali na miji, mbali na mbuga ya Tsavo, hiyo ndiyo siku. Isipokuja, tunangoja. Mwaka 2020 kampuni ya Loon ilipoleta intaneti Kenya kwa maputo yaliyorushwa kutoka Marekani, yaliongozwa kwa kupandishwa na kushushwa hadi kwenye tabaka lenye upepo unaoelekea kunakotakiwa. La kwetu haliwezi kushuka na kupanda kwa amri. Silaha yetu pekee ni kuchagua siku.

Kuhusu vibali nitasema kwa ufupi na kwa ukali kidogo. Hakuna kurusha kimyakimya. Uwanja wa ndege wa Moi uko karibu na kisiwa chetu, na puto litavuka njia za ndege. Sheria za kimataifa huhesabu mzigo wa chini ya kilo nne kuwa mwepesi, lakini wepesi huo haukuondolei wajibu wa kuomba. Tunaiandikia Mamlaka ya Usafiri wa Anga mapema, tunataja mahali, siku, saa na njia, tunangoja jibu la maandishi ili marubani waarifiwe. Kwa redio ya kutuma mawimbi tunazungumza na Mamlaka ya Mawasiliano. Anayeona huu ni usumbufu akumbuke kwamba ndani ya ndege ile pengine yumo mama yake anarudi kutoka Hija.

Redio yenyewe ni ya lazima. Wengi hudhani wataweka simu ndani na kuitafuta ilipo. Simu hupoteza mtandao mapema sana ikipanda, na ikianguka nyikani kusiko na mnara ni kimya. Vilevile vipokezi vingi vya GPS vimetengenezwa viache kufanya kazi juu ya kilomita 18, kwa sababu za kiusalama zilizowekwa zamani dhidi ya makombora. Hakikisheni chenu kina mpangilio wa safari za juu, na mkiwashe mpangilio huo kabla ya kukifunga. Redio ndogo yenye nguvu kidogo tu, ikiwa kilomita 30 juu, husikika mamia ya kilomita, kwa sababu hakuna mlima wala jengo la kuizuia. Tatizo ni pale inaposhuka na kujificha nyuma ya vilima. Ndiyo maana gari la kuifuata linapaswa kuwa limetangulia huko inakoshukia, halingoji Mombasa.

Puto likipasuka, kisanduku huanguka. Mwanzoni parachuti haina hewa ya kushika, hivyo kinashuka kwa zaidi ya kilomita mia kwa saa. Kadiri hewa inavyozidi kuwa nzito ndivyo kinavyopunguza mwendo, na kinagusa ardhi kwa mita tano hivi kwa sekunde. Kinagusa ardhi ya nani?

Hili ndilo nililotaka mlibebe kutoka hapa. Kinagusa shamba la mtu, malisho ya mtu, paa la mtu. Katika kaunti zetu, kisanduku chenye nyaya kikidondoka kutoka mbinguni, mtu ana haki ya kuogopa. Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe tunakwenda kwa machifu wa huko njia inakopitia, kwa wazee wa nyumba kumi, kwenye vituo vya polisi, tunawaonyesha kisanduku kilekile, wazi, waguse. Juu yake tunaandika kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili na kwa Kiduruma, kwamba ni chombo cha masomo cha wanafunzi, hakina madhara, na namba ya mwalimu ya kupiga.

Kisanduku kimoja tulichokifuata kilishukia upande wa Taru. Tulipofika, tulimkuta mzee amekaa chini ya mkwaju na mbuzi wake, kisanduku kiko kando yake kivulini, amekifunika kwa shuka kisipigwe na jua. Mjumbe alikuwa amekwishamwambia. Tukamwamkia, tukakaa. Tukamwonyesha picha hapohapo kwenye kioo cha kamera. Picha ile nyeusi yenye ukingo wa buluu aliitazama kwa heshima, akasema "Subhanallah", akarudisha. Kisha tukafika kwenye picha za mwisho, zile za kushuka, kisanduku kikiwa mita mia chache juu ya ardhi. Akashika kamera kwa mikono miwili. "Hili ni silanga letu," akasema, yaani bwawa lao la maji. "Na hii ni njia ya ng'ombe. Tazameni, maji yamerudi nyuma upande huu, ndiyo maana ukingo unabomoka." Wanafunzi wakasogea, mmoja akatoa daftari akachora silanga lile kama mzee alivyoeleza. Tulikaa hapo mpaka adhuhuri. Tulimpelekea picha zile zilizochapishwa, kubwa, na zikaonyeshwa kwenye baraza ya chifu walipozungumzia kulichimba upya.

Mimi napenda ile picha ya mbingu nyeusi kuliko ninavyoweza kusema. Lakini picha zinazopigwa kilomita mbili, tatu juu, wakati wa kupanda na wa kushuka, mtu yeyote asizifute kwa kuona ni za kawaida. Mikoko ya Tudor na Port Reitz inaonekana humo. Mito inayobeba udongo mwekundu mpaka baharini inaonekana humo. Kila kamera inayorudi ituachie seti nzima.

Basi, kazi iliyo mbele. Barua ya kuomba kibali iko mezani pale mlangoni, isomeni, na mwenye marekebisho aandike pembeni kwa kalamu. Wazazi ambao watoto wao watapanda gari la kufuatilia watie sahihi kwenye karatasi ya pili. Tunahitaji mtu mwenye gari la kupita barabara mbovu, na tunahitaji anayejua Kiduruma vizuri aende nasi kwa machifu. Si kuandika maneno tu, azungumze. Wanafunzi wa kuchora njia za upepo waanze kesho jioni. Mizani ninayo. Turubai bado.